Umekatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, zaidi ya unavyodaiwa? Namna ya kuhesabu na kudai, kwa wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo wa Kigoma

Mfanyakazi wa Kasulu au Uvinza aliyekatwa kodi kupita kiasi hatapigiwa simu aambiwe njoo uchukue chako. Sheria inampa haki ya kurudishiwa, lakini haki hiyo haianzi kutembea mpaka yeye mwenyewe apige hesabu, aone tofauti, aiandike na kuipeleka panapohusika. Wanaofanya hivyo ni wachache, na si kwa uvivu. Slipu ya mshahara huwafikia ikiwa na tarakimu zilizokwisha kukatwa, na hakuna aliyewahi kukaa nao kuwaonyesha zimetoka wapi. Mwongozo huu ni wa kukaa nayo mezani, mstari kwa mstari. Hesabu zake zinatoshwa na kikokotoo cha simu ya kitochi.

Nimeandika kwa ajili ya watu wa aina mbili: anayelipwa mshahara na kukatwa PAYE, na mwenye biashara ndogo, kama muuza dagaa wa Kibirizi, mwenye duka la Mwanga au mkamuaji wa mawese wa Ujiji. Viwango vyote ni vya Tanzania Bara.

Kwanza tuondoe matumaini yasiyo yetu

Familia nyingi za huku zina jamaa au marafiki waliohamia Marekani kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kila mwaka kati ya Februari na Aprili habari husambaa kwamba fulani amerudishiwa maelfu ya dola na serikali. Habari hizo ni za kweli. Kule karibu kila mwenye kipato hujaza ritani, yaani taarifa ya mapato yake ya mwaka, mwisho wa kuiwasilisha ukiwa kwa kawaida tarehe 15 Aprili, na mzazi hupewa nafuu kwa kila mtoto. Kwa mapato ya mwaka 2024 nafuu hiyo ilifika hadi dola 2,000 kwa mtoto mmoja. Haipunguzi kipato kinachotozwa. Inapunguza kodi yenyewe, na sehemu yake hulipwa hata kwa mzazi ambaye kodi yake imeshafika sifuri.

Kwetu hakuna kitu cha namna hiyo. PAYE yako haijui una watoto wangapi. Haijui kama umeoa au umeolewa, kama unalipa ada ya shule, kama umepanga au unatibu mgonjwa. Akija mtu anayedai atakufanyia "marejesho ya watoto" TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ukimpa elfu hamsini ya kushughulikia, huyo ni tapeli. Hali ni hiyohiyo kwa VAT iliyomo kwenye risiti zako za dukani na tozo za miamala ya simu: mlaji wa nyumbani harudishiwi.

Yaliyopo kwetu ni mambo matatu, nayo yanatosha kubadilisha hesabu ya kaya. Yapo makato yanayotolewa kwenye kipato kabla kodi haijapigwa. Ipo kodi iliyozuiwa mapema, inayohesabiwa kwamba umekwisha kuilipa. Na yapo marejesho, pale ulicholipa kinapozidi ulichodaiwa kwa mwaka mzima.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi za mwaka mzima

Mwaka wa kodi wa mtu binafsi huanza Januari na kuisha Desemba. Tafuta slipu zote za miezi hiyo. Mtumishi wa umma anaweza kuzipakua mtandaoni. Wa sekta binafsi azidai kwa mhasibu, na asiyepewa slipu kabisa aombe kwa maandishi, kwa sababu bila slipu hana pa kuanzia. Ongeza mkataba wa kazi, taarifa ya michango yako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF au PSSSF), taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ulioingia, namba ya mlipakodi (TIN) na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA).

Kuna karatasi moja ambayo wengi hawajawahi kuiona: hati ya kodi iliyozuiwa. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi hati hiyo baada ya mwaka kuisha, au anapoacha kazi, ikionyesha alilipwa kiasi gani na kodi iliyokatwa ni kiasi gani. Iulizie mwezi Januari, watu wakiwa bado na kumbukumbu. Ukisubiri mpaka mhasibu ahamie Tabora au shule ifungwe, utahangaika.

Hatua ya 2: Tafuta kipato kinachotozwa kodi

Hapa ndipo slipu nyingi huwachanganya watu, kwa kuwa makato yote yamepangwa safu moja kana kwamba ni ndugu. Hayalingani. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii hutolewa kwanza, kabla ya kodi. Mwanachama wa PSSSF huchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 15. NSSF jumla yake ni asilimia 20, na kwa kawaida mfanyakazi na mwajiri hugawana nusu kwa nusu. Kwa hiyo mwenye mshahara wa shilingi 600,000 aliye NSSF hutolewa kwanza 60,000, na PAYE inapigwa juu ya 540,000, si juu ya 600,000.

Chukua slipu yako sasa hivi uangalie hilo kabla ya yote. Kwa waajiri wadogo wanaotengeneza mishahara kwa mkono, kupiga kodi juu ya mshahara mzima ni kosa linalofanyika bila nia mbaya, na kila mwezi linamega kidogo. Kwa huyo wa 600,000, kodi sahihi ni 24,000. Ikipigwa juu ya mshahara mzima inakuwa 36,000. Tofauti ya 12,000 kwa mwezi ni 144,000 kwa mwaka.

Makato mengine hayapunguzi kodi. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa aliyesomeshwa kwa mkopo, na hiyo haishushi PAYE. Marejesho ya SACCOS, ada ya chama cha wafanyakazi na mkopo wa benki hayashushi pia. Ukimaliza deni la Bodi na makato yakaendelea, dai lako ni kwa Bodi yenyewe. Ukilipeleka TRA utarudishwa.

Kuna na makato ambayo hayatakiwi kuonekana kwenye slipu yako hata kidogo. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, maarufu kama SDL, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni mizigo ya mwajiri. Ukikuta mojawapo imetolewa kwenye mshahara wako, hilo si suala la marejesho ya kodi. Ni fedha yako iliyo mikononi mwa mwajiri, na yeye ndiye wa kudaiwa.

Kisha posho. Kwa mtumishi wa serikali, au wa taasisi inayoendeshwa kwa ruzuku ya serikali, sheria imetaja posho ambazo hazitozwi: posho ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka, ya kazi za ziada, ya muda wa ziada, ya mazingira magumu, na honoraria (malipo ya heshima). Muuguzi wa Hospitali ya Maweni aliyelipwa posho ya kazi za ziada, au mwalimu wa shule ya serikali huko Buhigwe anayelipwa posho ya mazingira magumu, posho hizo hazitakiwi kuunganishwa na mshahara wake zikatozwa. Mwalimu wa shule binafsi hana nafuu hiyo. Akilipwa posho ya nyumba kila mwezi, inaingia kwenye kipato kinachotozwa. Naona ni tofauti inayouma, kwa sababu wote wawili wanapanga kwenye mtaa mmoja na kulipa kodi ya nyumba ileile. Lakini ndivyo sheria ilivyo, na ni heri kuijua kabla ya kwenda kulalamika.

Fedha ya kujikimu safarini unapotumwa kikazi, kwa kiasi cha gharama za kazi hiyo, haihesabiwi kuwa kipato, uwe wa umma au wa binafsi.

Hatua ya 3: Piga kodi ya mwezi mwenyewe

Viwango hivi vinatumika tangu Julai 2021, serikali iliposhusha ngazi ya kwanza kutoka asilimia 9 hadi 8. Ukishapata kipato kinachotozwa kwa mwezi, kitafutie ngazi yake:

- Kisichozidi 270,000: hakuna kodi.
- Zaidi ya 270,000 hadi 520,000: asilimia 8 ya kinachozidi 270,000.
- Zaidi ya 520,000 hadi 760,000: 20,000 na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000.
- Zaidi ya 760,000 hadi 1,000,000: 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000.
- Zaidi ya 1,000,000: 128,000 na asilimia 30 ya kinachozidi 1,000,000.

Tuchukue mtumishi wa umma wa kima cha chini, ambacho kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. PSSSF yake ni 25,000. Inabaki 475,000. Toa 270,000, inabaki 205,000, na asilimia 8 yake ni 16,400. Hiyo ndiyo PAYE yake, wala isizidi hata shilingi.

Wapo wanaoogopa nyongeza ya mshahara kwa kudhani kwamba wakivuka ngazi, mshahara wote utatozwa kwa asilimia mpya. Sivyo. Asilimia 20 inagusa tu kile kilichozidi 520,000. Chini ya hapo hesabu inabaki ileile. Hakuna nyongeza inayoweza kukuacha na kidogo mkononi kuliko jana kwa sababu ya PAYE peke yake.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mwaka, ulinganishe

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke, hata ukiwa umechoka na tarakimu. Kodi ya mapato kisheria ni ya mwaka. Jedwali la mwezi ni njia tu ya kuikusanya kidogo kidogo. Mwezi mmoja usipofanana na mingine, makusanyo ya mwezi kwa mwezi yanaweza kuzidi deni la mwaka, na hapo ndipo marejesho yanapozaliwa.

Jedwali la mwaka ni lile la mwezi likizidishwa mara 12. Kisichozidi 3,240,000 hakitozwi. Hadi 6,240,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi 3,240,000. Hadi 9,120,000 ni 240,000 na asilimia 20 ya kinachozidi 6,240,000. Hadi 12,000,000 ni 816,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 9,120,000. Juu ya hapo ni 1,536,000 na asilimia 30 ya kinachozidi 12,000,000.

Hali tatu za kutazama kwa makini:

*Mshahara uliocheleweshwa.* Hili linawaumiza watu wa mikataba na wa shule binafsi kuliko jambo lingine lolote. Mchukue yuleyule wa 600,000 mwenye kipato cha kutozwa 540,000. Mwajiri hakulipa Agosti, Septemba wala Oktoba, halafu Novemba akalipa miezi yote minne kwa mpigo. Mhasibu anaona 2,160,000 kwenye mwezi mmoja, anaipeleka kwenye jedwali la mwezi: 128,000 na asilimia 30 ya 1,160,000, yaani 348,000. Jumla 476,000. Lakini miezi minne kwa 24,000 ingekuwa 96,000 tu. Mtu huyu aliyekopa chakula dukani miezi mitatu amekatwa 380,000 ya ziada, na kwenye slipu inaonekana ni halali kwa sababu imefuata jedwali.

Sasa ipige kwa mwaka. Kipato cha kutozwa ni 540,000 mara 12, yaani 6,480,000. Kodi ni 240,000 na asilimia 20 ya 240,000, ambayo ni 48,000. Jumla 288,000. Alichokatwa: miezi minane kwa 24,000 ni 192,000, ongeza 476,000 ya Novemba, unapata 668,000. Toa 288,000. Inabaki 380,000, ileile. Hesabu mbili zikikutana hivyo, una dai lililosimama, na karatasi yake haizidi ukurasa mmoja.

Aliyelipwa kwa mkupuo malimbikizo ya miezi ya mwaka huohuo baada ya kupandishwa daraja apige hesabu ya namna hii pia. Huenda aliyetengeneza mishahara aliyagawa vizuri na hakuna tatizo, lakini utajua tu ukishahesabu.

*Kazi iliyoanza au kuisha katikati ya mwaka.* Kijana ameajiriwa Septemba na shule binafsi kwa 800,000. Baada ya NSSF inabaki 720,000, PAYE ni 60,000 kwa mwezi, na mpaka Desemba amekatwa 240,000. Kama mwaka huo hakuwa na kipato kingine, jumla yake ni 2,880,000, chini ya 3,240,000 isiyotozwa. Deni lake la mwaka ni sifuri, na hiyo 240,000 ndiyo hoja ya kupeleka TRA. Anayestaafu mwezi Machi, au mkataba wake kwenye mradi ukaisha Mei, atazame vivyo hivyo.

*Ajira mbili.* Mwajiri wa pili hukata asilimia 30 moja kwa moja, kwa kuwa hajui wa kwanza anakulipa nini. Mtumishi wetu wa 475,000 akiwa na kazi ya jioni inayompa 300,000 ya kutozwa, anakatwa huko 90,000 kila mwezi. Kwa mwaka, kwa kazi zote mbili, amekatwa 1,276,800. Kipato chake chote ni 9,300,000, na kodi yake kwa jedwali la mwaka ni 861,000. Zimezidi 415,800. Huyu ni wa kuwasilisha ritani ya mwaka mwenyewe ili kodi zote mbili zilizozuiwa zihesabiwe kwa pamoja. Asiwaachie waajiri, kwa sababu kila mmoja anaona upande wake tu.

Mwenye ajira moja asiye na kipato kingine, aliyekatwa sawasawa, hana ulazima wa kujaza ritani. PAYE imemaliza kazi.

Hatua ya 5: Kwa mwenye biashara ndogo, nafuu iko kwenye daftari

Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo ghafi yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kwa mauzo, si kwa faida. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2022, mauzo yasiyozidi milioni 4 hayatozwi. Kuanzia hapo, asiyetunza kumbukumbu hulipa kiasi kilichopangwa, na anayetunza hulipa kwa hesabu.

Mama anayenunua dagaa Kibirizi na kupakia kwenye treni kwenda Tabora, mauzo yake ya mwaka yakiwa milioni 6: bila daftari analipa 100,000, akiwa na daftari ni asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Mauzo yakifika 9,500,000: bila daftari ni 250,000, akiwa na daftari ni 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, jumla 165,000. Daftari la kaunta limemwachia 85,000. Yakizidi milioni 11, ni asilimia 3.5 ya mauzo yote, na mwenye mauzo ya milioni 12 analipa 420,000.

Daftari lenyewe halihitaji ufundi. Tarehe, ulichouza, kiasi, na jumla ya siku. Andika kila jioni. Ukiandika kwa kukumbuka mwisho wa mwezi, afisa ataona kwa mwandiko tu kwamba siku thelathini zimeandikwa kwa kalamu moja na mkao mmoja, na hatakuamini. Tunza pia risiti za manunuzi na za kivuko cha mizigo. Kwa hesabu ya mauzo gharama hizo hazikupunguzii kodi, lakini zinathibitisha ukubwa halisi wa biashara afisa anapotaka kukukadiria juu. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, basi tafuta kisanduku cha bati kisichoingiwa na mchwa.

Unapouzia taasisi, kwa mfano mchele kwa shule ya sekondari ya serikali, mlipaji hukata asilimia 2 ya malipo na kuipeleka TRA kwa jina lako. Ukitoa huduma, kukarabati madarasa ama kupikia semina, hukatwa asilimia 5. Watu huona hiyo ni hasara, wakaondoka. Ni kodi yako iliyotangulia. Dai hati ya kodi ya zuio siku ileile unapolipwa, uiwasilishe unapofanyiwa makadirio, ipunguzwe kwenye deni lako. Mauzo ya milioni 4 kwa shule yanakuwa na hati ya 80,000. Usipoiwasilisha, utalipa mara mbili.

Si kila kodi iliyozuiwa inarudi kwenye hesabu, hata hivyo. Riba ya akiba ya mtu binafsi benki hukatwa asilimia 10, na hapo ndipo mwisho wake. Pango nalo, kwa mtu ambaye kupangisha si biashara yake na mpangaji amekata asilimia 10, huwa limemalizika. Mzee mwenye fremu moja Ujiji, aliyekatwa na kampuni iliyopanga, asitarajie kurudishiwa, ila aidai hati yake ili asije akadaiwa tena.

Tarehe za kukumbuka: makadirio ya mwaka yanawasilishwa mwisho wa Machi, na malipo hugawanywa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Biashara ikiporomoka katikati ya mwaka, ziwa likafungwa kwa mapumziko ya uvuvi na mauzo yakashuka, nenda ukaombe makadirio yarekebishwe kabla ya awamu inayofuata. Kulipa kwanza halafu kudai ni njia ndefu zaidi. Na ukipewa tathmini usiyokubaliana nayo, pingamizi linapelekwa ndani ya siku 30 tangu uipokee. Ukikaa nayo ukisubiri afisa fulani arudi likizo, siku zinakwisha.

Hatua ya 6: Kudai

Anza na mwajiri, hasa kama mwaka haujaisha. Kosa la Agosti linaweza kurekebishwa Septemba kwenye orodha ya mishahara bila TRA kuhusika kabisa, na hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Nenda na karatasi, si na maneno. Mfano wa barua kwa mhasibu au afisa utumishi:

"Naomba marekebisho ya PAYE ya mwezi Novemba. Nililipwa mishahara ya Agosti hadi Novemba kwa pamoja, na kodi ikapigwa kama kipato cha mwezi mmoja, jumla Sh 476,000. Kwa kipato changu cha kutozwa cha Sh 540,000 kwa mwezi, kodi ya miezi minne ni Sh 96,000. Naambatanisha slipu na hesabu ya mwaka mzima. Tofauti ni Sh 380,000."

Andika hivyo, kwa heshima, bila kumtuhumu mtu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo una thamani: ukifika TRA, swali la kwanza litakuwa mwajiri wako amesema nini.

Kama fedha imeshapelekwa TRA na mwaka umefungwa, dai linahamia huko. Hakikisha kwanza kwamba kweli imepelekwa. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha PAYE ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na wapo wanaokata bila kupeleka. Hapo huna marejesho ya kuomba, una mwajiri wa kuripoti, na barua yako iseme hivyo waziwazi.

Ombi la marejesho liwe na majina yako kama yalivyo NIDA, TIN, mwaka unaohusika, kiasi unachodai, sababu kwa sentensi mbili au tatu, jedwali la miezi 12 na akaunti ya benki yenye jina lako. Ambatanisha slipu, hati ya kodi iliyozuiwa, mkataba na barua ya mwajiri. TIN hutolewa bure, na ukiwa na namba ya NIDA unaweza kuiomba mtandaoni. Anayetoka Kibondo au Kakonko asilipe nauli kwenda Kigoma mjini kwa kuuliza tu. Apige kwanza simu au apite ofisi ya TRA iliyo jirani, aulize nyaraka zinazotakiwa, ndipo asafiri mara moja na bahasha iliyokamilika.

TRA wataangalia kama una deni lingine la kodi. Likiwepo, ziada yako inaweza kulipwa huko kwanza. Mwenye mshahara na duka dogo ajue hilo mapema: dai la 380,000 la PAYE linaweza kuishia kufuta deni la awamu ya Septemba, na hilo si kudhulumiwa. Omba tu maelezo ya maandishi yanayoonyesha kiasi gani kimehamishiwa wapi.

Usimpe mtu wa kati namba yako ya siri ya mfumo wa TRA, wala usitume fedha kwa anayepiga simu akidai marejesho yako yamekwama na yanahitaji "kufunguliwa". Kuomba marejesho hakuna ada.

Baada ya kuwasilisha, chukua tarehe, jina la dawati na namba ya kumbukumbu. Fuatilia kwa maandishi ukitaja namba hiyo, ukiambatanisha nakala ileile. Mafaili hupotea, maafisa huhamishwa, na asiyekuwa na nakala hulazimika kuanza upya. Wewe unayo kwenye kisanduku, basi peleka nyingine.